Mpima Ubora

Misimu kumi na mmoja
napima korosho ghalani, Chiungutwa.
Mkono guniani: juu, katikati, chini kabisa,
maana mkulima mjanja nzuri huziweka mdomoni.
Natoa konzi, nakata moja moja.
Nyeupe, daraja la kwanza.
Yenye doa, la pili.
Bovu haihitaji hata kisu, ina harufu yake.
Mafuta ya ganda yamenibabua vidole;
padre akinipa mkono wa amani
hugutuka kidogo, kisha hutabasamu.

Jumapili sikukiacha kisu nyumbani.
Benchi la mbele, shati limefungwa hadi kooni,
nilikuwa nakata.
Swithuni asinziaye kwenye mahubiri: doa.
Binti ya Mama Nambole, tumbo limeitangulia pete: bovu.
Mwalimu Akwilombe, sadaka yake ni sarafu,
naisikia inavyolia sahanini: daraja la pili,
na hilo ni kwa huruma tu.

Mimi? Mimi sikujikata.
Korosho ya mbegu haikatwi.

Jumapili ya kwanza ya Majilio nikasimama na karatasi.
"Petronila Nachundu anakamua uraka na kuuza.
Kuanzia leo hatakaribia meza ya Bwana."
Nilisoma vizuri. Sikukwama hata kwenye jina.
Akainuka benchi la nyuma, akakaza kanga,
akambeba mtoto, akatoka.
Hakusema neno.
Ndala moja ya mtoto ikabaki mlangoni,
nasi tukaivuka, mmoja mmoja,
tukienda kusalimiana.

Usiku ule nilifungua daftari langu,
siyo la kanisa, lile jingine,
linalolala chini ya godoro.
Nilikuwa natafuta deni la mtu mwingine kabisa.
Februari. Mwandiko wangu, wino wangu:
*P. Nachundu. Mtoto amelazwa Ndanda.
Elfu sitini. Atalipa magunia mawili.*

Kangomba.
Hiyo haimo kwenye amri kumi, nilikuwa najiambia,
nikiiruka ile ya nane
kama mtu arukavyo dimbwi akiwa na viatu vipya.
Novemba nilikwenda shambani kwake na magunia matupu.
Nikachukua korosho zote, mabibo nikamwachia
yamelala chini, mekundu, nyuki juu yake.
Alikuwa afanye nini na mabibo?
Nilichukua mbegu, nikamwachia tunda,
kisha nikamsomea hukumu kwa kulikamua tunda.

Nikavuta pumzi.
Harufu ile naijua. Misimu kumi na mmoja.

Jumatatu nikamkuta anachuja.
Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima,
na Zaburi moja ndani yake,
nikayasema yote, nimesimama, kofia mkononi.
Hakuacha kuchuja.
Nilipomaliza akakung'uta kitambaa, akasema:

"Msamaha nilishautoa, Mzee,
siku ileile, kabla sijafika hata kwa Akina Lipinga.
Usinililie hapa.
Korosho ndizo hazijarudi."

Basi nimezipakia baiskeli.
Gunia moja leo, jingine kesho, mnyororo hauwezi yote.
Ningeweza kupita njia ya mabondeni, usiku.
Nimepita mbele ya kanisa, saa nne asubuhi,
akina mama wakitoka kwenye mkutano wao.
Wamenyamaza. Mmoja ameniamkia kwa sauti ndogo,
mwingine amemnong'oneza mwenzake,
na nimekisikia kisu, nakijua mlio wake,
kikipita kwenye ganda langu.

Acheni wakate.
Mimi mwenyewe kiini sijakiona bado.
Mfukoni nina ndala ya mtoto, ya kushoto,
na kilima cha kwa Petronila
hakipandiki ukiwa juu ya baiskeli.
Ni kushuka, na kusukuma.