Kadi ya Mia Mbili na Sita

Nimekata maboksi ya glavu kuwa kadi:
neno upande huu, maana upande ule,
mfuko wa kushoto wa sare, pamoja na kipimajoto.
Mtihani ni Jumamosi, Westlands.
Ada yake imemeza kodi ya Kayole.

Saa nane usiku, wadi inakoroma.
Mzee Abuya, kitanda cha kumi na mbili, hana usingizi;
ananitahini, kadi kaishika mbali na macho.
“Mtu asiyependa maneno mengi?”
Nalitaja. Namwona baba, kasimama mlangoni.
“Kisichodumu, kinachopita upesi?”
Nalitaja pia, jicho kwenye dripu.

“Kupunguza maumivu pasipo kuponya ugonjwa?”

Linanitoroka. Nimebaki na herufi ya kwanza.
Miaka tisa naifanya kazi hiyo,
kumbe Waingereza wameikunja
ikaenea silabi tatu.

“Basi kwa Kiswahili tunasemaje?”

Nafungua kinywa, nakifunga.
Namgeuza ubavu, polepole, bega kwanza,
naupachika mto nyuma ya mgongo.
Anashusha pumzi ndefu.
“Ehe,” asema. “Hilo nimelielewa.
Leta lingine.”