Basi la Saa Tano na Kumi

Nilikuwa dukani Kuopio nikinunua misumari,
robo kilo, ya inchi mbili,
redio juu ya rafu ya rangi,
wimbo ukaanza nami sikuujua.

Ubeti wa kwanza wote sikuujua.
Piano moja, inasita kama mtu apitaye juu ya barafu ya Aprili,
na sauti ya msichana asiye na haraka na yeyote.
Alipofika penye taa ya kituo na theluji begani
mkono wangu ukaacha misumari.
Huu ni wetu.
Huu tuliurekodi mwaka sabini na tano,
Raili mbele ya maikrofoni na koti lake la kijani,
Pentti na akodioni, mimi nyuma na ngoma.
Maneno aliyaandika Raili jikoni kwake.
Tauno alikuwa ameenda Uswidi, kwenye kiwanda cha magari;
sote tulijua, hakuna aliyeuliza.

Sisi tuliupiga mbio.
Zilibaki dakika kumi na nne za studio,
na mwenye mashine alishavaa kofia.
"Tia moto, Osmo," aliniambia, "watu wanataka kucheza."
Nikatia.
Na kweli walicheza: kila kiangazi, kila banda la dansi kando ya ziwa,
mbu wakitula shingo, mbao za sakafu zikiruka,
wake kwa waume wakipiga makofi penye ubeti wa tatu,
pa-pa, pa-pa,
pale mwanamke anapohesabu abiria wanaoshuka
na kumkosa mmoja.

Miaka thelathini nimeyafuata makofi hayo kwa vijiti.
Sikuwahi kusikia anahesabu nini.

Muuzaji akaniuliza kama nataka risiti.
Nikamwambia nyamaza.
Msichana wa redioni, Iines nani sijui, wa Oulu,
aliyezaliwa sisi tumeshauza vipaza sauti,
alikuwa ameufikia ubeti wa tatu
na hapakuwa na makofi.
Alihesabu. Mmoja. Wawili. Kikongwe na mbwa.
Kisha akaacha nafasi, ndefu,
ya kutosha mlango kufunguka na kufungwa,
na basi likaondoka.

Nimewasikia wengi walioutia mikononi wimbo huu.
Bendi ya harusi ya Lahti iliuimba kama watu waliokodishwa, na ndivyo walivyokuwa.
Kwaya ya zimamoto iliupiga pasi ukawa shati la Jumapili.
Bwana mmoja wa Turku aliutia mitambo ya umeme,
ukatoka umenona, hauna mifupa.
Hao wote waliazima nguo.
Huyu aliingia ndani ya nyumba, akafungua chumba
tulichokipita kila siku tukidhani ni ukuta.

Nikaendesha hadi kwa Raili, kilomita sitini, misumari nimeisahau.
Ana themanini na moja. Anamenya viazi amesimama.
Nikamwekea wimbo kwenye simu, nikaiegemeza kwenye kopo la kahawa.
Hakuacha kumenya.
Maganda yalishuka marefu, bila kukatika,
mpaka penye mwisho, hapo kisu kikasimama.

"Amekosea," alisema.
"Wapi?"
"Mimi niliandika *nangoja*. Yeye kaimba *nilingoja*."
Kwa Kifini ni herufi moja tu, *a* kugeuka *i*,
haijazi hata kijiko.
Nikasema labda tumwandikie, labda hakuiona karatasi vizuri.
Raili akatazama dirishani, barabarani,
ambako basi halipiti tangu halmashauri ibane matumizi.
"Mwache," akasema. "Mwache nayo."
Kiazi kikaingia majini.

Kisha: "Nani anapiga ngoma humo?"
Nikamwambia hakuna ngoma.
"Aa," akasema, akanigonga mkono kwa mpini wa kisu,
pa-pa, taratibu.
"Ndiyo maana nimejisikia."