Mtu Aliyejiita Nyuki

Jalada lilikuwa na kurasa mia mbili na kumi na moja.
Nililisomea Sofia, katika chumba chenye feni mbovu,
kijana wa ofisi akinisogezea maji kila nigeuzapo ukurasa
kana kwamba karatasi ni pilipili.

Kila taarifa ina sahihi moja: Nyuki.
Nyuki kasema Radoy anasikiliza redio ya ng'ambo.
Nyuki kasema Radoy kambatiza bintiye usiku, jikoni,
ndani ya beseni la kufulia.
Usiku ule, ukimtoa mtoto, tulikuwa wanne:
mimi, Radoy, kasisi,
na Vangel wa jirani, aliyeshika mshumaa.

Radoy alirudi kutoka gereza la machimbo
na kikohozi kisichokubali kulala kabla yake.
Nilimzika theluji ikiwa kiunoni.

Miaka kumi na minane simwitikii Vangel salamu.
Kisima chetu kimoja: yeye huteka asubuhi, mimi jioni.
Kanisani yeye kulia, mimi kushoto,
na katikati Kristo ametanua mikono
kama mtu anayeamua ugomvi.
Baba Yetu nimeisali kila siku,
ila nikifika "kama nasi tunavyowasamehe"
nilikuwa nakohoa.
Mungu si kiziwi.

Leo Jumapili ya Msamaha, kesho Kwaresima.
Kwetu mdogo humwendea mkubwa,
humbusu mkono, husema, nisamehe.
Vangel ana miaka themanini na minne.
Mimi sabini na tisa.
Basi mdogo ni mimi.
Wa kwenda ni mimi.

Nilikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni
nikibishana na Bwana hadi chai ikapoa.
Nimwombe msamaha mimi? Kwa lipi?
Hakujibu. Hamjibu mtu aliyevaa kiatu kimoja.
Nikavaa cha pili.

Nilimkuta akimenya yai la kuchemsha,
vidole vikitetemeka, maganda yamemjaa mapajani.
Akasimama, kashika kiti.
Hakuuliza nimejua lini.
Nadhani alijua siku ile ile niliposhuka basi.

Nikainama. Mkono wake ulinuka nta.
Nisamehe, nikasema, miaka kumi na minane ya salamu.
Deni langu lilikuwa hilo tu, nikalilipa.
La kwake lilibaki mezani, kando ya chumvi.

Alifungua mdomo mara tatu.
Mara ya nne likatoka jina: Radoy.
Akalia bila kufunika uso.

Sikumwambia si kitu. Ni kitu.
Ni kurasa mia mbili na kumi na moja.
Nilimwambia: Mungu akusamehe, Vangel,
nami niko nyuma Yake, naja,
polepole tu, magoti yangu mabaya.

Kisha nikaketi, nikalimalizia lile yai kulimenya,
maana kuanzia kesho mayai ni mwiko hadi Pasaka.
Tulilikata kwa uzi.
Kiini kikaelemea upande mmoja.
Chukua wewe, akasema.
Nikachukua.