Konzi ya Mungu

Kabla sufuria haijapanda mekoni
mkono hurudi ndani ya mchele,
hufumba konzi moja,
huifungulia kwenye kopo la maziwa la zamani,
lile lenye kutu shingoni.
Hiyo ni ya Mungu.
Mama alifanya hivyo, na mamaye,
asubuhi na jioni, katika kijiji hiki cha Wamizo
kilichokaa juu ya mgongo wa mlima
kama kuku juu ya boriti.
Jumamosi Lalzuii hupita na gunia la kanisa.
Hupokea. Hapimi.

Sitadanganya. Miaka mingi niliitoa konzi ile
kama mtu alipaye ushuru wa soko,
bila chuki, bila furaha,
macho yangu kwenye kuni mbichi.
Usiku niliomba mambo makubwa:
bati jipya, goti jipya,
barabara isiyomezwa na tope.

Kisha mianzi ikachanua.
Huchanua mara moja katika umri wa mtu,
na ikichanua, panya hushuka kama mafuriko yenye meno.
Tulilala tuna shamba,
tukaamka tuna mabua.
Nilisimama pale nikamwambia Mungu
maneno ambayo siyaandiki hapa.
Dunia ilikuwa imenipiga konzi,
nami nikamnyima yeye konzi yake.
Kopo nikaligeuza kifudifudi.

Lalzuii alipita Jumamosi. Akalitazama kopo.
Akaniuliza kama goti bado linauma.

Zova wangu, miaka sita, akataka kujua:
"Mungu sasa anakula kwa nani?"
Nikamwambia anyamaze,
ale viazi vyake vya porini.

Mvua za Julai zilinikuta kitandani na homa.
Mlango ukasukumwa bila hodi.
Lalzuii, nywele zikimchuruzika maji,
alimimina kwenye ungo wangu akaondoka,
kwa maana nyumba zilikuwa bado nyingi.

Homa iliposhuka nikaketi dirishani kuchambua.
Vidole vyangu vinaijua kazi hiyo kuliko vinavyojua kusali:
jiwe, chuya, kapi, jiwe.
Lakini mchele huu haukuwa mchele mmoja.
Huu mweupe, mrefu, wa dukani,
ni wa mwalimu Hrangkima.
Hizi chenga ni za Thangi mjane,
atwangaye mwenyewe kwa kuwa mashine inadai pesa.
Huu unanuka moshi wa nyumba ya mhunzi.
Hapa punje za mahindi: kuna mtu hakuwa na mchele,
akatoa alichokuwa nacho.
Na chini kabisa, mkono ukasita.
Punje fupi, nyekundu, zenye mstari mweusi tumboni.
Mpunga wa shamba la juu.
Hakuna mwingine aliyeulima,
ila mimi na Dengthuama, kabla sijamzika.
Niliutoa mwenyewe mwaka uliopita,
macho yangu kwenye kuni.

Nilitoa mawe matatu, nikayatupa nje.
Chuya nikaziacha. Sikuwa na moyo
wa kumfukuza mtu kwenye ungo ule.

Sufuria ikanguruma. Mkono ukarudi mcheleni,
nusu konzi, ukiona haya kidogo.
Zova alikuwa ananitazama.
"Amerudi kula kwetu?"
"Hakuwa amekwenda mbali," nikamwambia.
"Alikuwa kwa Thangi, akila chenga."

Leo ni Alhamisi.
Pipa limejaa mvua hadi mdomoni.
Goti ni lilelile. Bati ni lilelile,
nalo lina tundu moja ambalo jua la asubuhi
hupitia na kudondoka juu ya kikombe cha Zova,
naye hudai ni shilingi yake.
Nguruwe anajikuna kwenye nguzo, nyumba yote inatikisika.
Kuni bado mbichi, moshi unaniliza.
Naufumba mkono.
Siku hizi, kabla sijaufungua,
nautazama.