Deni la Pengwini

Tatu wa Korogwe, miaka sita, meno mawili hana,
aliniagiza pengwini.
Si doli, si wa kwenye kalenda: wa kweli, anayetembea.
"Huko kwenu baridi, mjomba, hawawezi kukosa."
Nikasema ndiyo. Mtu mzima akimwambia mtoto ndiyo
ameshakopa.

Basi Jumapili, kiwanda cha kaa kimefungwa,
vidole bado vinanuka chumvi na klorini,
nikapanda gari la Verna Chaulk kutoka Bonavista
hadi Elliston, ukungu njia nzima.
Viazi vyao huvihifadhi ndani ya vilima,
kila shimo na kimlango chake cha mbao.
Nilidhani makaburi, nikanyamaza kwa adabu.

"Hapa hakuna pengwini," Verna akasema, akizima injini.
"Alikuwapo."

Tukakanyaga majani mafupi hadi ukingoni.
Chini, ufuko wa kokoto na povu;
ng'ambo ya ufa wa bahari, mwamba umesimama peke yake,
na juu yake, subhanallah, umati:
weusi mgongoni, weupe kifuani,
midomo kama imepakwa rangi na mtoto aliyeachiwa kopo,
wanaingia mashimoni, wanatoka, wanaingia tena
kama watu waliosahau walichofuata chumbani.
Pafini, Verna akasema. Pa-fi-ni.
Mmoja akatua hatua tano kutoka kiatu changu,
akanikagua kwa jicho la karani wa uhamiaji,
akaona sina samaki,
akaenda zake.

Verna akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa.
Zamani, akasema, visiwa vya mbele huko
vilikuwa na ndege mkubwa, mabawa mafupi, hajui kuruka.
Mabaharia wakamwita pengwini. Yeye ndiye wa kwanza.
Wakamswaga juu ya ubao hadi ndani ya mashua,
wakamchemsha ili anyonyoke,
na kuni zilipokosekana
mafuta ya mwenzake yakawa kuni.
Akaisha.
Jina likabaki halina mwili,
likashuka kusini pamoja na meli,
likamkuta ndege mwingine, wanafanana kwa mbali,
likamvaa.

Nami nikamkumbuka Denisi.
Sijawahi kumwona. Alisimama mstari wa tatu
kabla yangu, Mkongo, wanasema, mrefu kunishinda,
na msimamizi kila asubuhi huniita Denisi,
nami huitika.
Siku ya kwanza nilimsahihisha. Ya pili pia.
Ya tisa nilikuwa nimechoka, na kaa ni wengi.
Nikajiuliza: yule wa kusini, akiitwa,
hugeuka kwa niaba ya nani?

Verna akatikisa majani ya chai kutoka kifunikoni.
"Wiki saba nakubeba. Jina lako hasa hutamkwaje?"
Nikamwambia. Akakosea.
Akarudia, upepo ukachukua nusu.
Mara ya tatu likatua:
Na-so-ro.

Video nilimtumia Tatu, kwake usiku, sekunde kumi na moja.
Sikuandika pengwini. Niliandika:
pafini, binamu wa marehemu.
Alfajiri ikaja sauti yake, nyuma jogoo na mfuniko wa sufuria:
"Mjomba, mbona huyu anaruka?"
Kisha kimya, anapiga hesabu,
pumzi inapiga mluzi kwenye pengo.

"Basi deni bado."