Kwa Jina Langu

Mara ya kwanza kuishika, hariri ilinikataa.
Haikuuma. Ilinasa tu:
unyuzi mmoja kwenye ufa wa kidole gumba,
mwingine kwenye kovu la kidole cha shahada,
na nilipovuta, likaja fungu zima.

Misimu sita nimebangua korosho Newala.
Mafuta ya ganda hayana huruma wala haraka:
leo yanapaka weusi, kesho yanachubua,
kesho kutwa huna alama za vidole.
Siku ya kusajili laini ya simu
kijana wa mashine alinifutisha mkono mara nne,
akasema, "Mama, wewe humu humo."

Mama mdogo Somoe, wa Kitangari, hakucheka.
Anafuga viwavi chumba alichokuwa akilala marehemu mumewe,
juu ya nyungo, juu ya majani ya mforosadi,
na ukilala kwake unawasikia wakila usiku
kama mtu anayepepeta mchele chumba cha pili
na hataki umwombe.

Hachemshi kifuko mwenyewe akiwa ndani.
Anamngoja nondo atoboe, atoke, atage,
afe kwa wakati wake.
Kifuko chenye tundu hakifumuki uzi mmoja mrefu;
hicho ni cha kuchambua kama pamba
na kusokota kwa pia, kwa vidole laini.
Akavitazama vidole vyangu.
"Basi tuanze na sabuni."

Akazoa makapi,
yale yaliyokataa hata mikono yake,
akayakata kwa mkasi, urefu wa ukucha.
Maji ya mvua, ya lile tangi lenye kufuli,
maana huku juu kwetu maji ni mgeni wa kuhesabiwa siku.
Sufuria ya chuma cha pua; ya alumini huliwa.
Kostiki ndani ya maji, si maji ndani ya kostiki:
alilisema mara tatu, kama talaka.

Maji yakafuka bila moto.
Akatupia hariri.

Nilidhani itaelea. Ilijikunja
kama mvi zilizobaki kwenye kitana,
ikawa ukungu, ikawa rangi ya maji ya mchele,
ikaacha harufu ya unyoya wa kuku ulioungua,
kisha haikuwepo.

"Imekwenda wapi?"
"Haijaenda. Imeacha kujishika."

Tukatia mafuta ya nazi, na ya ufuta
aliyokamua jirani, Fadina Nampunju, kwa mkopo,
tukakoroga mpaka mwiko ukaacha njia nyuma yake,
tukamimina kwenye boksi la viatu lililotandikwa nailoni.
Wiki tano, alisema.
Sabuni changa inauma kuliko ganda.

Wiki tano nikasuka ukili.
Ukili hauna maringo, unapokea mkono wowote.
Lakini kila nikipita pale kwenye rafu nilinusa,
kama ninayengoja wali wa shughuli ya watu.

Povu lake halikuwa la fujo. Dogo, zito,
linateleza mkononi kama siri
inayotafuta wa kuambiwa.
Sitadanganya, kovu ni kovu.
Ila ngozi ya pembeni ililegea,
nyufa zikafunga midomo,
na siku moja ya Alhamisi, mchana, umeme umekatika,
nikachukua fungu la hariri nikavuta,
likapita.

Uzi wangu wa kwanza ulikuwa mnene hapa, mwembamba pale,
kama njia ya baiskeli baada ya masika.
Somoe hakuusifu. Aliukata vipande,
akatoboa sabuni, akatia vitanzi vya kutundikia.
"Umefanya kazi," akasema, akaenda kukata majani.

Laini ya simu bado iko kwa jina lake.
Uzi uko kwa jina langu.
Ukiikuta sokoni Newala, kipande cha rangi ya maziwa
chenye kitanzi kilichopinda,
shika taratibu.
Karibu na fundo pana kiuvimbe:
hapo ndipo kidole gumba kilikwama,
nikasubiri, kikaachia.