Usimwage

Siku ya arubaini na moja juu ya jabali la Dhofari
na jua hatujalionja.
Kharifu imeuatamia mlima kama kuku mkaidi,
haiangui, hainyanyuki.

Alfajiri natia kijiti kiatuni kabla ya mguu,
nge wa huku hawapigi hodi.
Nafuta kutu ya jana kwenye mtutu,
ya leo imeshaanza chini yake.
Mkate umeota kuvu. Dadkarim anaukwangua kwa kisu,
asema kwao Makrani kuvu ni dawa.
Namwambia kwetu Chake ni kuvu.

Kazi za mchana si za kuhadithia:
kurudishia mawe yaliyoporomoka ukutani,
kufukia choo, kuchimba choo,
kuhesabu risasi zilizohesabiwa jana,
kupigana na nzi wadogo wenye meno
ambao hawana upande katika vita hivi.

Shaushi Huwaishil huja na daftari lake.
"Zinjibari, maji?"
"Madumu mawili na robo, shaushi."
Watu kumi na mmoja.
Helikopta haioni pa kutua. Twaisikia ikizunguka
juu ya pamba hii, kisha inarudi Salala
na maji yetu tumboni.
Tumetandaza turubai kukinga manyunyu:
usiku mzima, kikombe kimoja chenye ladha ya mpira.
Nguo zimelowa, ndevu zimelowa,
koo kavu kama kifuu.

Zinjibari, ndilo jina langu hapa.
Kule nilifukuzwa kwa kuitwa Mwarabu,
na huku jina hilo
wakanipokonya mlangoni.

Usiku uliofuata, zamu yangu, saa nane.
Ukungu hubeba sauti kama mtu abebavyo yai.
Ng'ambo ya bonde, waliko wao,
dumu liligonga jiwe
na mtu akanong'ona kwa ukali,
kama amkemeavyo mdogo wake:
"Usimwage, we! Usimwage!"

Si Kiarabu. Si Kijabali.
Ile "we" ya kuvutwa mwishoni naijua ilikozaliwa,
naijua na njia ya kisimani kwake,
matope yake, mzizi wake wa kukwaa.

Huwaishil akainua kichwa.
"Umesikia nini?"
Dira ilikuwa kiganjani.
Digrii mia mbili na thelathini. Ningeitaja tu,
na mzinga ungejua la kufanya.
"Fisi," nikasema.
Akalala.

Mimi sikulala hata zamu ilipokwisha.
Huenda ni yule mtoto wa fundi cherehani
aliyekwenda Kairo kusoma, akaandika barua mbili,
basi. Huenda tulipigana ngwara skuli.
Huenda hatujawahi kuonana, na ana haki yake
ya kuniua kesho bila kunijua.
Nilichokuwa nikitaka kumuuliza ni kimoja:
nyinyi mmebakiwa na madumu mangapi?

Asubuhi ya tatu ukungu ulipasuka, dakika kumi hivi.
Nililiona bonde, kijani cha kutia wivu,
ng'ombe watatu wasio na mwenyewe.
Kombora lilitoka digrii mia mbili na thelathini.
Dadkarim alikuwa akikwangua mkate.

Ukungu ukafunga tena.
Tuliufunga mguu kwa kilemba changu, kisha kwa cha Huwaishil,
na helikopta ikazunguka, ikazunguka,
haikuona pa kutua.
Hakuniuliza kitu. Angeuliza nini?
Aliomba maji.

Nikamshika kisogo, nikakiinamisha kikombe.
Mkono ulikuwa si wangu,
meno yake yakigonga bati,
tone likimkimbia kidevuni,
na neno likanitoka, kwa lugha asiyoijua,
kwa ukali, na ile "we" ya mwishoni.

Nyuma yangu daftari likafunguliwa.
"Umesema nini, Zinjibari?"